Lugha ya Ushawishi katika Hotuba za Kuhamasisha Uzima mkoani Njombe: Uhakiki wa Kauli "Pima, Jitambue, Ishi"

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna lugha ya ushawishi inavyoipa nguvu, au inavyoshindwa kuipa nguvu, hotuba inayomhamasisha msikilizaji kuishi kwa ukamilifu. Kiini cha uhakiki ni kauli ya kampeni ya kitaifa ya Furaha Yangu, iliyozinduliwa mwaka 2018, yaani "Pima, Jitambue, Ishi". Kauli hiyo inasomwa katika muktadha wa mkoa wa Njombe na mji wa Makambako, ambako maambukizi ya virusi vya UKIMWI yameendelea kuwa juu kuliko wastani wa taifa. Kwa kuongozwa na nadharia ya Balagha ya Aristotle pamoja na dhana ya kujinasibisha ya Kenneth Burke, makala yanadai kwamba kitenzi "ishi" hakishawishi kwa nguvu ya amri. Kinashawishi pale mhutubu anapokijaza maana inayotokana na maisha ya wasikilizaji wake, na pale anapoijibu kauli pinzani ambayo tayari ina hoja yake: "Ponda mali, kufa kwaja".

1.0 Utangulizi

Hotuba ya kuhamasisha maisha ni utanzu wenye mizizi mirefu katika jamii za Waswahili na majirani zao. Wosia wa mzee kwa vijana, mawaidha ya msikitini, mahubiri ya kanisani, nasaha za mahafali na maneno ya faraja msibani vyote hukutana katika lengo moja, nalo ni kumfanya msikilizaji ayathamini maisha aliyonayo na kuyaishi ipasavyo. Wahakiki wengi wa hotuba za Kiswahili wamevutwa zaidi na hotuba za kisiasa, hasa za viongozi wa kitaifa. Hotuba ya afya, inayotolewa kwenye uwanja wa mkutano, mnadani au mbele ya zahanati, imechukuliwa mara nyingi kuwa chombo cha kupitishia taarifa tu. Makala haya yanaisoma kama matini ya balagha, yenye mtindo, hoja na mipaka yake.

Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka mkoa wa Iringa. Ni nchi ya nyanda za juu na baridi kali, yenye mashamba ya chai, misitu ya mbao, viazi mviringo, mahindi na, katika miaka ya karibuni, parachichi. Makambako, mji wa pili wa mkoa huo, ni njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia hukutana hapo na barabara iendayo Njombe mjini na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo pia. Uhamaji wa kutafuta kazi nao si jambo geni. Katika enzi ya ukoloni vijana wengi wa Njombe walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, mbali na nyumbani. Mahali ambapo watu hupita, hulala na kuondoka, neno "kuishi" huwa na maana zaidi ya moja, na ndiyo sababu mkoa huu unafaa kuwa kipimo cha lugha inayowaambia watu waishi.

Data za uhakiki huu ni kauli za hadhara zinazojulikana, methali, na istilahi zinazotumika katika mazungumzo ya afya nchini Tanzania. Kauli ya kampeni imechaguliwa kwa sababu ndiyo uti wa mgongo wa hotuba: mhutubu huianza nayo, huifumua kwa mifano, kisha huwarejeshea wasikilizaji ili waiitikie.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Aristotle aliigawa njia ya kushawishi katika sehemu tatu: hadhi na tabia ya msemaji, hisia zinazoamshwa kwa msikilizaji, na hoja yenyewe. Katika mapokeo yake, hoja ya hadharani haihitaji kutajwa yote. Mara nyingi msemaji hutaja sehemu tu na msikilizaji hukamilisha iliyobaki kwa yale anayoyajua. Hapa ndipo methali hupata nguvu, kwa kuwa humfanya msikilizaji awe mshirika katika kuijenga hoja.

Burke, katika kazi yake ya mwaka 1950, aliongeza kwamba ushawishi hutegemea kujinasibisha. Msemaji humshawishi mtu kwa kuzungumza lugha yake, kwa ishara, mpangilio, taswira na mtazamo, hadi njia za wawili hao zionekane kuwa moja. Kwa Kiswahili, kujinasibisha huonekana katika mambo madogo kama viambishi vya nafsi, maamkizi na uteuzi wa taswira. Mhutubu anayewaamkia wasikilizaji wa Njombe kwa "Kamwene" kabla ya kuingia katika Kiswahili cha kiserikali amekwisha kutenda tendo la balagha. Swali la uhakiki ni kama tendo hilo linaendelea ndani ya hotuba au linaishia kwenye salamu.

3.0 Kauli Pinzani: "Ponda Mali, Kufa Kwaja"

Kosa linalojitokeza katika uchambuzi mwingi wa lugha ya uhamasishaji ni kudhani kwamba mhutubu huzungumza na watu wasiokuwa na falsafa yoyote juu ya maisha. Ukweli ni kwamba hukuta falsafa imekwisha kukaa kitako. Methali "Ponda mali, kufa kwaja" nayo ni hotuba ya kuishi kwa ukamilifu, iliyofupishwa kwa maneno manne. Inamwambia msikilizaji ale maisha maadamu yapo.

Kimuundo, methali hii ina ustadi mkubwa. Ina vipande viwili vyenye mizani sawa: "ponda mali" ni mizani minne, na "kufa kwaja" ni mizani minne. Kipande cha kwanza ni amri, cha pili ni sababu. Kwa hiyo ndani ya pumzi moja msikilizaji amepewa tendo na hoja ya kulitenda. Tena sababu yenyewe haiwezi kukanushwa, kwa kuwa kufa kunakuja kweli. Udhaifu wa methali umo katika daraja lisilotajwa kati ya vipande hivyo viwili, yaani dai kwamba kwa kuwa kifo ni cha hakika, basi matumizi ya leo hayana deni la kesho. Daraja hilo msikilizaji hulijenga mwenyewe, na kwa kuwa amelijenga mwenyewe, haoni kuwa ameshawishiwa.

Falsafa hiyo ilipata sura ya kutisha zaidi katika miaka ya mwanzo ya janga. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baadaye, herufi za jina la Kiingereza la ugonjwa huo zilifumuliwa mitaani kuwa "Acha Iniue, Dogodogo Siachi". Kicheko cha kauli hii kimeficha mambo mawili ambayo mhakiki hana budi kuyafunua. Kwanza, ni kauli ya ushujaa wa bandia: msemaji anakiita kifo kije, na kwa kukiita anajifanya bwana wa kile asichoweza kukizuia. Pili, na hili ndilo zito zaidi, sarufi yake inamtambua mtu mmoja tu anayekufa. Kitenzi "iniue" kimebeba kiambishi cha mtendwa cha nafsi ya kwanza umoja, "-ni-". Huyo "dogodogo" hana kitenzi chake. Hafi, hasemi, hachagui. Ukamilifu wa maisha ya mmoja umejengwa juu ya mwili wa mwingine ambaye sentensi haikumpa nafasi. Hotuba yoyote ya kuhamasisha uzima isiyomrudisha mtu huyo ndani ya sentensi itakuwa imeiacha kauli pinzani isimame.

4.0 Uchanganuzi wa "Pima, Jitambue, Ishi"

Kampeni ya Furaha Yangu ilizinduliwa jijini Dodoma mwaka 2018 na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Ililenga kuongeza idadi ya watu wanaopima virusi na kuanza dawa mapema, na iliwalenga hasa wanaume, ambao walikuwa nyuma ya wanawake katika kujua hali zao. Sera ya kumwanzishia dawa kila anayebainika kuwa na virusi, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke, ilikuwa imeanza mwaka 2016. Kauli ya kampeni kwa hiyo ilikuwa na jambo jipya la kusema: kupima kulikuwa kumekuwa mlango wa tiba.

Jina na kauli ya kampeni vina mvutano wa nafsi. "Furaha Yangu" ni nafsi ya kwanza. "Pima, Jitambue, Ishi" ni nafsi ya pili. Mvutano huu unaweza kuwa wa manufaa. Mhutubu anapoisema "furaha yangu" kama yake kwanza, amri zinazofuata huwa ni mwaliko wa mtu aliyekwisha kuvuka. Akiyaacha maneno hayo yabaki kwenye bango, amri tatu hubaki uchi, zikiwa sauti ya ofisi kwa raia. Isitoshe, kinyume cha methali iliyochambuliwa hapo juu, kauli hii ina amri tatu bila sababu hata moja. Hoja yake haimo ndani yake. Ni wajibu wa hotuba kuileta.

4.1 "Pima"

Kitenzi "pima" ni elekezi, lakini yambwa yake imeachwa. Kimatibabu yambwa inajulikana. Hata hivyo, katika masikio ya mkulima wa Njombe kitenzi hiki kina historia nyingine. Kupima ni tendo la sokoni. Mkulima wa viazi anaijua lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, ambalo humfanya auze zaidi ya kile anacholipwa. Kwake yeye, kipimo ni mahali ambapo mwenye nguvu hukutana na asiye nayo, na swali la kwanza si uzito bali ni nani ameshika mizani.

Swali hilohilo humfuata mbele ya zahanati: nani ataona jibu, na atalifanyia nini? Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu na inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Mhutubu anayelitaja jambo hili mapema huwa amejibu hofu ambayo msikilizaji hakuisema. Anayerudia "pima" mara kumi kwa sauti ya kupanda bila kueleza ni nani ameshika mizani hutumia takriri, lakini takriri hiyo huongeza kelele tu. Mbinu ya kisanaa hupata thamani pale inapolikuta swali lililomo moyoni mwa msikilizaji.

4.2 "Jitambue"

Hiki ndicho kitovu cha kauli, kimuundo na kimaana. Kina mizani minne katikati ya vitenzi viwili vyenye mizani miwili miwili, kwa hiyo pumzi ya msemaji hupanda hapo kisha hushuka. Kirejeshi "-ji-" humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu yuleyule. Katika "pima" mtu mwingine ameshika kifaa. Katika "jitambue" mtu anajishika mwenyewe. Hatua hii ni nzuri kiushawishi, kwa sababu inamrejeshea msikilizaji mamlaka ambayo amri ya kwanza ilikuwa imeyachukua.

Hata hivyo, neno hili lina makali mengine. Katika Kiswahili cha kila siku nchini Tanzania, kumwambia mtu "jitambue" ni kumkaripia, na kusema "hajitambui" ni kumvunjia heshima. Likitamkwa na kijana wa kampeni mbele ya wazee, au na mkubwa wa serikali kwa madereva na wabeba mizigo wa Makambako, linaweza kusikika kama tusi lililovaa koti la nasaha. Hapa maana haiamuliwi na kamusi. Inaamuliwa na uhusiano. Mhutubu stadi hulipunguza makali kwa kuligeuza kuwa "tujitambue", na kwa badiliko la kiambishi kimoja anakuwa amejiingiza katika kundi la wanaoambiwa. Hiki ndicho Burke alichokiita kujinasibisha, na Kiswahili kinakiwezesha kwa silabi moja.

4.3 "Ishi"

Kitenzi cha mwisho ndicho lengo la hotuba, lakini ndicho chepesi kuliko vyote. Ni kifupi, hakina yambwa, na kwa kuwa asili yake ni Kiarabu hakibadilishi irabu yake ya mwisho katika dhamira tegemezi: twasema "apime" na "ajitambue", lakini "aishi". Neno limesimama lilivyo. Vilevile liko jirani mno na "isha", lenye maana ya kufikia ukomo. Katika hali ya kukanusha vitenzi hivi viwili hukutana kabisa: "haishi" ni mtu asiyeishi, na "haishi" ni mtu asiyefikia ukomo. Muktadha pekee ndio unaotofautisha. Mgongano huu wa kisarufi unaonyesha jinsi neno hili lilivyo tupu linapoachwa peke yake.

Historia ya kampeni nchini inathibitisha utupu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kampeni ya vijana iliyoitwa Ishi, yenye kauli "Usione soo, sema naye". Wakati ule matibabu ya bure ya kufubaza virusi yalikuwa hayajaanza. Yalianza mwaka 2004. Kwa hiyo "ishi" ya wakati ule ilimaanisha jihadhari usiambukizwe. "Ishi" ya mwaka 2018 inaweza kumaanisha endelea, hata kama umeambukizwa. Neno ni lile lile, lakini aliyealikwa ndani yake amebadilika. Mhutubu asiyelifafanua badiliko hili huwaacha wanaoishi na virusi nje ya neno lililokusudiwa wao.

5.0 Taswira ya Mahali: "Dondosha Mkono wa Sweta"

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya kitabibu kwa wanaume mwaka 2007, baada ya tafiti kuonyesha kwamba hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Mikoa ambayo tohara haikuwa desturi ya wengi, Njombe ikiwemo, ilipewa kipaumbele. Kauli iliyopata umaarufu mkoani humo ilikuwa "Dondosha mkono wa sweta".

Kibalagha kauli hii inapita nyingi za kitaifa. Ni tafsida, kwa kuwa inataja kiungo kisichotajwa hadharani bila kukitaja. Ni sitiari iliyotokana na mahali, kwa kuwa sweta ni vazi la kila mtu katika nchi ya baridi, na kila mtu amewahi kuukunja mkono wa sweta uliomzidi. Inachekesha, na kicheko cha pamoja huvunja aibu. Zaidi ya hayo, kitenzi chake kina yambwa: msikilizaji anajua nini cha kudondosha.

Lakini mzaha una mpaka wake. Asilimia 60 ni punguzo la hatari, wala si kinga kamili, na sitiari ya sweta haina mahali pa kuweka sharti hilo. Sweta likishadondoshwa mkono, kazi imekwisha. Vilevile kauli inazungumza na mwanamume peke yake, ilhali kinga hiyo haimhusu mwenzake moja kwa moja. Kwa hiyo uzuri wa taswira unafungua mlango, kisha hoja inapaswa kuingia. Hotuba inayoishia kwenye kicheko humrudisha nyumbani msikilizaji akiwa na uhakika usiokuwa wake.

Inafaa kulinganisha na kauli ya kitaifa "Tanzania bila UKIMWI inawezekana", iliyotumika katika kampeni ya upimaji wa hiari ya mwaka 2007, ambapo Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Kisarufi kauli hii ni dhaifu: "inawezekana" haimtaji mtenda. Tena mtu mwenye virusi anaweza kujiuliza kama Tanzania hiyo itakayokuwa bila UKIMWI ina nafasi yake yeye. Nguvu yake ilitoka nje ya maneno, katika mkono wa rais ulionyooshwa kutoa damu. Tendo lilimleta mtenda ambaye sentensi ilimkosa.

6.0 Kutoka Vita hadi Kufubaza

Sitiari inayotawala lugha rasmi ya UKIMWI ni ya vita: mapambano, adui, silaha, ushindi. Susan Sontag, mwaka 1989, alionya kwamba sitiari za kivita katika masuala ya maradhi humhamishia mgonjwa lawama na hofu iliyokusudiwa maradhi. Onyo hilo lina uzito maalumu katika hotuba inayotaka watu waishi. Kama virusi ni adui, basi mwili uliovihifadhi ni uwanja wa vita au, vibaya zaidi, ni kambi ya adui. Msikilizaji mwenye virusi hawezi kujiunga na jeshi ambalo linamlenga.

Kiswahili kimezaa sitiari nyingine, tena kimeizaa ndani ya zahanati. Dawa huitwa za kufubaza virusi, au za kupunguza makali. Kufubaa ni kupoteza rangi na mng'aro, kama kitambaa kilichokaa juani. Makali ni ya kisu, na kisu kilichopungua makali bado ni kisu, lakini hakikati. Sitiari hizi ni za kweli zaidi kitabibu kuliko sitiari ya ushindi, kwa kuwa dawa haviondoi virusi vyote mwilini; hubana kuzaliana kwavyo hadi kiwango chake kisionekane kwa kipimo. Na ushahidi wa kisayansi ni thabiti kwamba mtu aliyefikia na kudumisha hali hiyo haambukizi mwenzi wake kwa ngono. Mhutubu anayechagua "kufubaza" badala ya "kuangamiza" anachagua picha ambamo mtu na hali yake wanaweza kukaa nyumba moja, hali ikipungua siku kwa siku kwa kidonge na nidhamu. Hiyo ni picha ya kuishi. Picha ya vita ni ya kushinda au kufa.

7.0 Takwimu kama Lugha

Hotuba nyingi kuhusu Njombe hufunguliwa kwa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2011–2012 ulionyesha maambukizi ya asilimia 14.8 mkoani humo. Ule wa 2016–2017, asilimia 11.4; na ule wa 2022–2023, asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa kwa watu wazima ulikuwa asilimia 4.4. Tafiti hizi hazikupima makundi ya umri yaliyo sawa kwa kila hali, kwa hiyo ulinganisho unahitaji uangalifu.

Kama lugha, takwimu hizi zinaweza kusemwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya aibu: mkoa "unaongoza". Kitenzi hicho, ambacho kwa kawaida ni cha sifa, hugeuzwa kuwa kejeli, na mkazi wa Makambako au Makete husikia kwamba asili yake ni tatizo. Namna ya pili huanza kwa kueleza namba inahesabu nini. Kiwango cha maambukizi huhesabu watu walio hai na wana virusi, wala hakihesabu maambukizi mapya peke yake. Wanaotumia dawa wakiishi muda mrefu, wanabaki ndani ya hesabu. Kwa hiyo sehemu ya namba hiyo ni ya watu ambao miaka 30 iliyopita wangekuwa wamekwisha kuzikwa.

Utafiti wa 2022–2023 unatoa hoja nyingine yenye nguvu kuliko aibu. Kati ya watu wazima wenye virusi nchini, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya hao waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa; na kati ya waliotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa na virusi vilivyofubazwa. Pengo kubwa liko kwenye hatua ya kwanza. Maana yake kibalagha ni kwamba "pima" ndicho kitenzi kigumu, na anayekivuka kwa kawaida huvifikia vile vingine. Hapa ndipo ilipo sababu ambayo kauli ya kampeni iliikosa. Methali husema ponda mali kwa kuwa kufa kwaja. Hotuba sasa inaweza kujibu kwa hoja yenye uzito uleule: pima, kwa kuwa kwa aliyepima, kuishi kwaja.

8.0 Hadhi ya Msemaji

Hakuna mbinu ya lugha inayoweza kuziba pengo la hadhi ya msemaji. Afrika Mashariki iliona hilo mwaka 1989, mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alipotangaza hadharani kuwa ana UKIMWI na kutumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na wanafunzi na waumini. Alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu gharama ya maneno yake aliilipa mwenyewe.

Tangu wakati huo ushuhuda umekuwa sehemu ya kawaida ya mikutano ya uhamasishaji. Mabadiliko ya majina yanaonyesha safari hiyo: kutoka "waathirika", neno linalomfanya mtu kuwa mtendwa daima, hadi "watu wanaoishi na VVU", kwa kifupi WAVIU, ambapo mtu ni mtenda wa kitenzi "kuishi". Hata hivyo, lugha huchakaa. "Anaishi kwa matumaini" ilianza kama kauli ya faraja, kisha ikageuka kuwa namna ya kumnong'ona mtu: kusema fulani anaishi kwa matumaini ni kusema ana virusi. Neno la uzima limekuwa alama ya unyanyapaa. Mhakiki anajifunza hapa kwamba ushawishi hauhifadhiwi ndani ya maneno milele. Hutegemea matendo yanayoyazunguka.

Upo pia wajibu wa kimaadili. Mtoa ushuhuda katika mji mdogo hawezi kushuka jukwaani na kutoweka. Kesho yake ataonekana sokoni, na mwanawe ataonekana shuleni. Hotuba inayomtumia mtu kama mfano, kisha ikamwacha peke yake na mfano huo, imemfanyia kile kile ambacho kauli ya "dogodogo" ilifanya: imeujenga uzima wa wengi juu ya mtu ambaye haikumpa nafasi ya kuchagua. Kigezo cha ubora wa hotuba kinapaswa kumhusu na yeye pia.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba lugha ya ushawishi huipa nguvu hotuba ya kuishi kwa ukamilifu kwa masharti manne. Iijibu falsafa ambayo msikilizaji tayari anayo, badala ya kujifanya haipo. Itoe sababu pamoja na amri. Itumie taswira zilizozaliwa mahali pale, huku ikitambua mahali ambapo taswira inakoma na hoja inapaswa kuanza. Na imchukue mtu mwenye virusi kuwa mtenda ndani ya sentensi zake na baada ya mkutano kwisha.

Kiswahili kina neno ambalo kampeni hizi zimelitumia kidogo kuliko linavyostahili, nalo ni "mzima". Mtu mzima ni aliyekomaa. Mtu mzima pia ni aliye hai na asiye na maradhi. Na kitu kizima ni kisichopungua. Maana zote hizo zimo katika swali ambalo watu wa Njombe, kama Watanzania wengine, huulizana kila asubuhi: "Mzima?" Kwa muda mrefu aliyekuwa na virusi alilijibu swali hilo kwa mazoea tu, akijua moyoni kwamba jibu lake si kweli. Dawa zimelifanya jibu hilo liwe la kweli. Kazi iliyobaki kwa mhutubu ni kumfanya aliyepimwa, na asiyepimwa bado, aamini kwamba anaweza kuitikia "mzima" bila kudanganya. Watafiti wajao wanaweza kuichukua hatua inayofuata kwa kurekodi na kuchanganua hotuba zenyewe katika lugha za Kibena, Kikinga na Kipangwa, ili ijulikane ni maneno gani ya uzima yaliyomo humo ambayo Kiswahili cha majukwaani bado hakijayaazima.